Kutoka Kunyamazishwa Hadi Kusikilizwa: Saikolojia ya Kazi na Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaokaribia kumaliza shahada ya kwanza hutuuliza swali lile lile: baada ya Kiswahili, mtu aweza kusomea nini? Wengi hutarajia tutaje isimu, fasihi, tafsiri au ualimu. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia taaluma ambayo ni wachache wanaoifikiria, yaani saikolojia ya kazi na mashirika katika kiwango cha uzamili. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hiyo. Ni kweli kwamba programu nyingi za aina hii hudai msingi wa saikolojia. Hata hivyo, wapo wanafunzi wetu wanaochanganya masomo, na wapo walimu waliosoma saikolojia ya elimu. Hao ndio tunaowalenga zaidi.

Mwanafunzi wa uzamili katika fani hii husoma namna ya kuteua wafanyakazi, motisha, uongozi, mafunzo kazini, afya ya akili kazini, takwimu na mbinu za utafiti, kisha huandika tasnifu. Ukiitazama orodha hiyo utadhani lugha haimo. Historia ya taaluma yenyewe inatuonyesha vingine.

Mfanyakazi asiyeruhusiwa kujibu

Wanahistoria wengi huanza na Frederick Taylor, mhandisi wa Kimarekani aliyechapisha kitabu chake juu ya usimamizi wa kisayansi mwaka 1911. Taylor hakuwa mwanasaikolojia, lakini swali lake ndilo waliloanza nalo wanasaikolojia: mtu afanye kazi vipi ili atoe zaidi? Kisa chake mashuhuri ni cha mwaka 1899 katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania. Vibarua walikuwa wakibeba vipande vizito vya chuma na kuvipakia kwenye mabehewa, kila mmoja tani 12.5 hivi kwa siku. Taylor alikadiria kwamba mtu hodari angeweza kupakia tani 47. Akachaguliwa kibarua mmoja wa asili ya Kijerumani, ambaye kitabuni anaitwa Schmidt, akaahidiwa nyongeza ya ujira kutoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku.

Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba kisa hicho kilitiwa chumvi nyingi. Kwetu sisi walimu wa lugha, linalovutia ni jinsi kilivyoandikwa. Taylor ameyaandika maneno ya Schmidt kwa tahajia ya kuchekesha, ili msomaji asikie lafudhi yake ya Kijerumani. Kisha kibarua huyo anaambiwa kwamba akiamriwa abebe, abebe. Akiamriwa akae, akae. Na asijibu neno. Kwanza lugha yake imedhihakiwa, halafu imefungwa.

Mwanasaikolojia Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliipa fani hii kitabu cha msingi kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1913. Yeye aliwapima madereva wa tramu katika maabara: uangalifu wao, na jinsi walivyotambua hatari iliyo mbele. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mfanyakazi alibaki kuwa mtu wa kupimwa tu.

Yaliyotokea Hawthorne

Mabadiliko yalikuja katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kilichotengeneza vifaa vya simu vya kampuni ya Western Electric. Kuanzia mwaka 1924 walijaribu kuona kama mwanga mkali zaidi ungeongeza kazi. Kazi iliongezeka mwanga ulipozidishwa, na wakati mwingine haikupungua hata ulipopunguzwa. Watafiti wakachanganyikiwa.

Mwezi Aprili 1927 walitenga chumba kidogo wakaweka wanawake watano wa kuunganisha rilei, kifaa kidogo cha simu chenye vipande thelathini na kitu, pamoja na wa sita wa kuwagawia vipande hivyo. Kila rilei iliyokamilika ilihesabiwa kwa mashine. Walipewa mapumziko, vitafunio na saa fupi za kazi. Baada ya muda kazi yao ilizidi kwa kiasi cha asilimia 30. Wanafunzi wetu wa saikolojia hukariri kisa hiki kwa jina la "athari ya Hawthorne", yaani mtu hubadilika anapojua kwamba anatazamwa.

Lipo jambo ambalo mara nyingi huachwa nje ya madokezo ya darasani. Mwezi Januari 1928 wawili kati ya wale watano waliondolewa chumbani, na wengine wakaletwa mahali pao. Kosa lao kubwa lilikuwa nini? Walizungumza mno wakiwa kazini, wala hawakukoma walipokemewa. Mwaka 1967 mtafiti Alex Carey alilishikilia jambo hilo hilo katika uhakiki wake mkali: kama wasiotii waliondolewa, na ujira nao ukabadilishwa, tutasemaje kwamba ni upole wa wasimamizi tu uliopandisha kazi?

Ajabu ni kwamba mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1928, kiwanda kile kile kilianza mpango wa kuwasikiliza wafanyakazi. Kufikia mwaka 1930 walikuwa wamehojiwa watu zaidi ya 21,000. Mwanzoni wahojaji walikuwa na orodha ya maswali. Wafanyakazi hawakuifuata, waliulizwa hili wakajibu lile, wakarudi kwenye yale yaliyowakera. Mwaka 1929 orodha iliwekwa kando. Mhojaji aliagizwa asibishane wala asitoe ushauri. Asikilize anachosema mtu, asichotaka kukisema, na kile asichoweza kukisema bila kusaidiwa. Mahojiano ya nusu saa yakawa ya saa moja na nusu.

Wahojaji walisimulia habari za mfanyakazi aliyelalamika kwamba ujira ni mdogo. Kumbe mkewe alikuwa hospitalini na bili ya daktari ilimlemea. Wakahitimisha kwamba lalamiko lina maana ya juu na maana ya ndani. Mwalimu wa fasihi atatabasamu, maana hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Lakini na tuwe waangalifu: huenda ujira ulikuwa mdogo kweli! Kumsikiliza mtu ili kumtuliza si sawa na kumsikiliza ili kumtendea haki.

Mwaka 1931 hadi 1932 waliangaliwa wanaume 14 waliounganisha nyaya za swichi za simu. Hao walikuwa na msamiati wao wenyewe: jina la kumkejeli anayefanya kazi kupita kiasi, jina la anayezembea, na jina la anayewachongea wenzake. Aliyekiuka kipimo walichokubaliana alipigwa ngumi ya begani. Sheria ya chumba hicho haikuandikwa popote. Ilikuwa ndani ya maneno yao.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1950, Walter Elkan wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere, alichunguza wafanyakazi wa viwandani, akachapisha matokeo yake mwaka 1956 na mwaka 1960. Wengi wa wafanyakazi wa mijini Uganda walikuwa wahamiaji wa makabila na nchi mbalimbali. Mahali penye mchanganyiko kama huo, Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu zamani.

Leo mwanafunzi wa uzamili huingia kiwandani na hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza. Akiitafsiri, atauliza: "Je, umeridhika na kazi yako?" Lakini kwa Kiswahili, kuridhika ni kufurahia, na pia ni kukubali yaliyokufika. Anayejibu "nimeridhika" huenda ana maana kwamba hana la kufanya. Mwingine atasema "nashukuru", kwa sababu adabu haimruhusu kunung'unika mbele ya mgeni. Mtafiti ataandika alama ya juu, naye mfanyakazi atarudi na shida yake. Tangu Richard Brislin alipoieleza mwaka 1970, njia ya kutafsiri kisha kurudisha tafsiri katika lugha ya kwanza imesaidia sana. Hata hivyo, haitoshi kama hapana mtu anayejua tofauti ya kuridhika, kutosheka na kuvumilia. Au ya kazi, ajira na kibarua.

Hitimisho

Wahenga walituachia methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Historia tuliyoidurusu inatukumbusha upande wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo naye hujikwaa. Kwa hiyo tunawahimiza wanafunzi wetu wenye msingi wa saikolojia wasiiogope njia hii. Takwimu watajifunza huko. Sikio la Kiswahili waende nalo kutoka hapa. Nasi walimu tuna wajibu wa kuwaandalia istilahi na mazoezi ya kutafsiri hojaji, ili wasiende mikono mitupu.