Asiyekaa Timu Moja

Hapa Morogoro tumezoea kuwaona akina mama wa Mgeta wakiteremka kutoka milima ya Uluguru na mizigo ya kabichi na karoti. Mzigo usipokwisha sokoni mjini, husafirishwa hadi Dar es Salaam. Hakuna anayewacheka kwa kuhama soko. Lakini mchezaji mpira akihama timu, twasema haraka: "Huyo kaisha."

Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wasemaji hao. Mpwa wangu, mshambuliaji wa timu ya mtaani, alipoachwa na timu yake, nilimshauri atundike daluga. Akaniuliza kwa upole, "Mjomba, na Samatta je?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akapitia African Lyon na Simba, na mwaka 2011 akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akifunga katika mechi zote mbili za fainali. Akaenda Genk ya Ubelgiji, na katika msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, timu yake ikawa bingwa.

Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, katika timu ya Aston Villa. Machi 1 alifunga kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ingawa Manchester City walishinda 2-1. Katika ligi, hata hivyo, alicheza mechi 14 na kupata bao moja tu. Kabla mwaka haujaisha, alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki. Ndipo tuliposema kaisha.

La hasha! Alipita Antwerp, akarudi Genk kwa mkopo, akaenda PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2024 akawa bingwa tena. Mwaka 2025 alihamia Le Havre ya Ufaransa.

Ndugu msomaji, lau angejihukumu kwa miezi ile michache ya Uingereza, ubingwa wa Ugiriki angeusikia redioni kama mimi na wewe.

Nilimwita mpwa wangu, nikaifuta kauli yangu. Siku hizi anachezea timu ya kata nyingine, na jioni humwona akipita na viatu begani. Wahenga hawakukosea: mtembea bure si sawa na mkaa bure.