Namba 2.147.483.647: kwa nini mashini zingine zinashindwa kuhesabu kupita hapo?

Hii namba inasomwa hivi: miliari mbili, milioni mia moja makumi ine na saba, elfu mia ine makumi munane na tatu, na mia sita makumi ine na saba. Ili kuipata, zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie mbili 31, kisha ondoa 1.

Katika hesabu, inaitwa namba tasa: hakuna namba inayoigawa bila kubakiza kitu, isipokuwa 1 na yenyewe. 7 pia ni tasa. Lakini 15 haiko tasa, kwani watu 3 wanaweza kugawana maembe 15, kila mmoja 5.

Aliyehakikisha jambo hilo ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Saint-Petersburg, Urusi. Ilikuwa mwaka 1772, naye alikuwa karibu kipofu. Hakugawa kwa kila namba. Kama ingegawanyika, kigawanyo kimoja kingekuwa chini ya 46.341. Tena alionyesha kwamba kigawanyo chochote tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 ao 63. Zilibaki chache tu za kujaribu, na hakuna hata moja iliyoigawa.

Je, inatuhusu namna gani? Programu nyingi za zamani zinaandika namba katika vijumba 32, kila kimoja kikiwa na 0 ao 1. Kijumba kimoja kinaonyesha kama ni mali ao deni. Vinabaki 31. Vyote vikijaa 1, umefika 2.147.483.647. Ukiongeza 1 tu, mashini inaweza kuonyesha deni la 2.147.483.648.

Kwa dola, wachache wanafika huko. Lakini kwa franka kongomani, koperative kubwa ya kahawa ao kakao inaweza kupita miliari 2 kwa msimu moja. Hapo mali inaandikwa kama deni, na watu wanaanza kushuku mutunza feza bure.

Saa pia iko ndani. Mashini nyingi zinahesabu sekonde tangu Januari 1, 1970. Sekonde hizo zitafika 2.147.483.647 tarehe 19 Januari 2038, saa 5:14 na sekonde 7 ya asubuhi kwa saa ya Goma na Bukavu. Sekonde inayofuata, mashini isiyorekebishwa inaweza kurudi Desemba 1901. Programu za sasa zinatumia vijumba 64, na hizo hazina shida hiyo.

Basi, mbele ya kulipa programu ya hesabu ao ordinateri iliyokwisha tumika, mujaribu pamoja na fundi pale pale: muandike franka miliari 3, kisha muweke tarehe ya mwaka 2040. Ikikataa, ao ikionyesha deni, muiache.