Kalamu ya Kisomo (Sehemu ya 3)



Juzi bibi mmoja wa Namtumbo alimleta mjukuu wake kufanyiwa upasuaji. Nikampa fomu ya ridhaa, huku natafuta wino ili aweke dole gumba. Akaniangalia, akaomba kalamu. Akaandika majina yake matatu, taratibu, herufi zimenyooka kama mistari ya mahindi. "Nilisoma Kisomo, mwanangu." Niliona aibu!

Kisomo wengine hamkijui. Sensa ya 1967 ilikuta zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi zetu wakawa wanatoka shamba, mtoto mgongoni, wanaenda kuumba herufi. Mwaka 1975 wakafanya mtihani wa taifa. Kufikia 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua walikuwa chini ya 10 kwa kila 100.

Siku hizi hospitali nyingi tunajaza taarifa kwenye kompyuta, mfumo wa GoTHOMIS. Kwa kweli nashukuru, dozi inasomeka, hubahatishi mwandiko wa daktari. Ila kadi namba 1 ya mtoto bado inajazwa kwa kalamu. Nikimwambia mama kijana aniandikie jina la mwanae, ananipa simu nisome. Na mwandiko wangu mwenyewe umeharibika, sikatai.

Kwenu nani alisoma Kisomo? Muulizeni leo, akiwa bado yupo. Mpeni na kalamu.