Kwa nini bluu ya Ziwa Nyasa hufifia inapochapwa

PICHA iliyopigwa katika ufukwe wa Matema, wilayani Kyela, mkoani Mbeya, huvutia sana inapotazamwa kwenye skrini ya kompyuta au ya simu. Maji ya Ziwa Nyasa huonekana ya bluu iliyokolea, Milima ya Livingstone husimama kwa nyuma, na mashamba ya mpunga hung’ara kwa ukijani. Lakini picha hiyo hiyo ikichapwa katika kipeperushi cha nyumba ya wageni au katika mfuko wa mchele, bluu huelekea zambarau na kijani hupoa, kana kwamba ilipigwa siku ya mawingu.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mteja humtuhumu mchapaji kuwa amebania wino, mchapaji humlaumu mbunifu aliyeiandaa kazi, naye mbunifu hufungua kompyuta yake kuthibitisha kwamba rangi zilikuwa sahihi. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Tofauti hiyo hutokana na namna mwanga na wino vinavyofanya kazi.

Mwanga unaoongezwa

Skrini hutoa mwanga wake yenyewe. Kila nukta yake ina vijisehemu vitatu vinavyotoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Vyote vikiwaka kwa nguvu, jicho huona nyeupe. Vikizimwa, huona nyeusi. Katika mfumo huu, unaojulikana kwa herufi RGB, kwa kawaida kila mwanga huwa na ngazi 256, na mchanganyiko wake hutoa rangi zaidi ya milioni 16.

Uwezo huo wa mianga mitatu ulionyeshwa jijini London mwaka 1861 na mwanafizikia James Clerk Maxwell. Alirusha ukutani picha tatu za utepe mmoja kupitia vichujio vya rangi hizo, na zilipoangukiana, watazamaji wakaona picha moja ya rangi.

Mwanga unaopunguzwa

Karatasi haina mwanga wake. Hurudisha tu ule wa jua au wa taa unaoiangukia, na kazi ya wino ni kuupunguza. Wino wa siani, ambayo ni bluu inayokaribia kijani, hunyonya mwanga mwekundu. Majenta, yaani waridi iliyokolea, hunyonya mwanga wa kijani, na njano hunyonya mwanga wa bluu. Wino mweusi huongezwa kuwa wa nne, kwa sababu zile tatu zikichanganywa hutoa rangi ya matope badala ya weusi safi. Huu ndio mfumo wa CMYK.

Ili kupata bluu ya ziwa, mchapaji hulazimika kuweka siani na majenta pamoja, na kila wino unaoongezwa huondoa mwanga zaidi. Isitoshe, wino halisi si safi kama nadharia inavyotaka. Siani hunyonya pia sehemu ya mwanga wa kijani na wa bluu, ambao ulipaswa kurudi machoni, na majenta hunyonya sehemu ya ule wa bluu. Kwa hiyo bluu kali ya skrini huishia kuwa zambarau iliyofifia. Kijani kinachowaka na rangi ya machungwa iliyokolea navyo hupatwa na hali hiyo.

Si rangi zote zinazoumia. Vyungu vya udongo vya Wakisi wa Ikombe, kijiji kilicho karibu na Matema katika mwambao huo huo, huchapika vizuri, kwa kuwa rangi za udongo zimo ndani ya uwezo wa wino. Ndivyo ilivyo pia kwa kahawia ya kakao ya Kyela. Picha za samaki wadogo wa bluu wanaoishi kwenye miamba ya ziwa ndizo humtoa mchapaji jasho. Kwa upande mwingine, siani safi iliyochapwa katika karatasi bora hupita uwezo wa skrini nyingi za kawaida.

Karatasi nayo ina neno lake. Ya gazeti ina ukijivu na hunyonya wino, hivyo rangi hupoa zaidi. Karatasi nyororo inayong’aa huacha wino mwingi juu, na rangi hubaki hai.

La kufanya

Mbunifu anashauriwa kukiuliza kwanza kiwanda cha uchapaji kuhusu karatasi na vipimo vya rangi kinavyotumia, kisha kuigeuza nakala ya kazi kuwa CMYK na kuirekebisha mbele ya mteja, huku akihifadhi picha ya awali ya RGB. Mwanga wa skrini upunguzwe, kwani skrini inayowaka mno hutoa ahadi ambayo karatasi haiwezi kuitimiza.

Nembo inayodai bluu au kijani kikali inaweza kuchapwa kwa wino maalumu uliokwisha kuchanganywa kabla ya kuingia mtamboni. Njia hiyo huongeza gharama endapo wino huo unakuwa wa tano, lakini huipunguza kwa mfuko wenye rangi moja au mbili tu.

Zaidi ya yote, mteja adai nakala ya majaribio iliyochapwa katika karatasi au mfuko ule ule utakaotumika, na aitazame nje, kwenye mwanga wa mchana. Kwa mfanyabiashara wa mchele wa Kyela anayesubiri mzigo wa mifuko kutoka Mbeya mjini au Dar es Salaam, nakala moja iliyotiwa saini ni nafuu kuliko maelfu ya mifuko yenye rangi asiyoitambua.