Kichwa cha Mtoto na Mkono wa Kinyozi

Wahenga wetu walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu asijione kuwa anajitosheleza, kwani hata fundi aliye hodari kuliko wote hana budi kuinamisha kichwa mbele ya mwenzake. Lakini ndani ya methali hiyo mna swali la historia ambalo si wengi hulitazama. Ikiwa kila kichwa chahitaji mkono wa mtu mwingine, je, mkono huo ni wa nani? Na ikiwa kichwa chenyewe ni cha mtoto mdogo, asiyeweza kuchagua wala kukataa, ni nani apewaye ruhusa ya kukigusa kwa chuma kikali?

Siku hizi swali hili huulizwa kwa lugha ya fedha. Wazazi hushauriana kama yafaa mtoto anyolewe nyumbani bila gharama, au apelekwe kwa kinyozi na kulipiwa. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba kwa muda mrefu wa historia yetu bei haikuwa jambo la kwanza. Jambo la kwanza lilikuwa uaminifu. Aliyeshika wembe alikuwa mtu aliyekabidhiwa amana, na malipo yake, kama yalikuwapo, yalikuja nyuma ya amana hiyo.

Tuanze na lugha, maana lugha ni ghala ya historia ya watu. Kiswahili hutofautisha kunyoa, ambako ni kuondoa nywele kwa wembe, na kukata au kupunguza, ambako ni kazi ya mkasi. Kutokana na kitenzi kunyoa tumepata jina kinyozi, kama tulivyopata kiongozi kutokana na kuongoza. Majina yote mawili yana sura ya kitu kwa kiambishi chake cha mwanzo, lakini katika sentensi hufuata upatanisho wa watu: kinyozi amefika, vinyozi wamefika. Tunayo pia majina ya mitindo, kama vile kipara, ambacho ni kichwa kilichonyolewa chote, na denge, ambalo ni kunyoa pembeni na kuacha nywele za utosini. Mahali penye majina ya namna hiyo pana ustadi, na penye ustadi pana historia.

Kabla ya kinyozi wa kulipwa palikuwa na mhunzi. Mkoani Kagera wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyotumika takriban miaka 2,000 iliyopita. Upareni na Ufipa nako wahunzi walipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Mikononi mwa wahunzi wa namna hiyo vilitoka jembe, mkuki, kisu na pia wembe. Wembe haukuwa chombo cha kuchezea. Ulinolewa, ukafutwa, ukahifadhiwa mahali ambapo watoto hawakuweza kuufikia, na ulipotolewa ilijulikana kwamba kuna jambo.

Mara nyingi jambo hilo lilikuwa kubwa. Katika jamii nyingi za nchi yetu kunyoa nywele kulikuwa alama ya kuvuka kutoka hali moja hadi nyingine: kuzaliwa, kutiwa jandoni, kumaliza matanga. Miongoni mwa Wamasai, morani hufuga nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu katika muda wote wa ujana wake wa kivita. Muda huo ukomapo, katika sherehe iitwayo eunoto, anayemnyoa ni mama yake mzazi. Hebu tulitafakari jambo hili. Kijana huyo ni shujaa aliyelinda mifugo porini, lakini siku ya kuingia utu uzima huketi chini na kukiweka kichwa chake mikononi mwa mama. Hapana ujira uwezao kuichukua nafasi hiyo.

Katika miji ya pwani na kila mahali penye Waislamu, nywele za kwanza za mtoto hunyolewa siku ya saba pamoja na akika, yaani kuchinjwa kwa mbuzi au kondoo kwa ajili yake. Imesuniwa nywele hizo zipimwe, kisha fedha yenye uzito sawa nazo itolewe sadaka kwa maskini. Hapa nywele na fedha zimekutana tangu zamani, lakini zimekutana kwa njia ya pekee: fedha haipimwi kwa kazi ya mnyoaji, bali hupimwa kwa nywele za mtoto, na anayeipokea ni mhitaji.

Palikuwa na sababu nyingine ya kunyolea watoto nyumbani. Watu wengi waliamini kwamba nywele za mtu zaweza kutumiwa na mbaya wake kumdhuru. Kwa hiyo nywele zilizonyolewa hazikutupwa ovyo. Zilikusanywa na kufukiwa au kufichwa. Leo twaweza kutoikubali imani hiyo, lakini twapaswa kuielewa. Ilitokana na wazo kwamba kilichotoka katika mwili wa mtoto bado ni chake, na kwamba ni wajibu wa wakubwa kukitunza.

Kunyoa watoto nyumbani kulikuwa pia shughuli ya zamu. Mmoja aliketi katikati ya magoti ya mama, shangazi au bibi, na wengine walingoja huku wakilowanisha vichwa vyao ili nywele zilainike. Hiyo ndiyo picha iliyomo katika methali isemayo, ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Vijana wetu huikariri shuleni kama onyo la kujiandaa na shida, na maana hiyo ni sahihi. Lakini yafaa wajue kwamba chanzo chake ni jambo la kawaida kabisa: maji, wembe, na vichwa vinavyongoja zamu.

Je, kinyozi wa malipo alitoka wapi? Katika miji ya kale ya pwani kazi yake ilijulikana tangu zamani, kwa kuwa mji hukusanya wageni, na mgeni hana shangazi wa kumnyoa. Hata hivyo, kuenea kwa kazi hiyo bara kulifuata nyayo za ukoloni. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na baadaye chini ya Waingereza wananchi walitozwa pia kodi ya kichwa. Ili kuipata fedha hiyo, wanaume wengi waliacha jamaa zao wakaenda kufanya vibarua katika mashamba ya mkonge, bandarini, na katika ujenzi wa reli ya kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mtu aliyekuwa kijijini akinyolewa na ndugu yake sasa alikuwa kambini peke yake. Ndipo kinyozi mwenye kigoda, kioo na mkasi alipopata wateja chini ya miti na kandokando ya masoko. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1921, ilikuja na senti zake zilizofaa kulipia kazi ndogo ndogo za namna hiyo.

Basi tunaona kwamba kinyozi wa malipo hakuja kuunyang'anya ukoo kazi yake. Alikuja kuziba pengo ambalo kodi na vibarua vilikuwa vimelifungua. Watoto, waliobaki nyumbani na mama zao, waliendelea kunyolewa huko huko.

Vyombo navyo vilikuwa na sauti yao katika historia hii. Mwaka 1904 Mmarekani aitwaye King Gillette alipata hataza ya kiwembe chembamba cha chuma, chenye makali pande mbili, kisichohitaji kunolewa. Viwembe vya namna hiyo vilipoenea madukani kwa bei ndogo, wembe wa mhunzi ulififia. Lakini nyumba haikudhoofika. Kinyume chake, ilipata nguvu. Mama yeyote aliye na kiwembe, kitana, sabuni na maji aliweza kunyoa watoto wake wote kwa asubuhi moja.

Nguvu hiyo ilihitajiwa sana baada ya uhuru. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na mwaka 1977 mpango huo ulianza kutekelezwa nchini kote. Watoto waliofurika madarasani walitakiwa wawe nadhifu na wenye nywele fupi, wavulana kwa wasichana. Hapana mji wala kijiji ambacho kingeweza kupata vinyozi wa kuwatosha. Kazi hiyo ilifanywa na mama, baba, kaka na dada, bila kuandikwa katika hesabu yoyote ya uchumi wa taifa. Tunaposifu maendeleo ya elimu ya miaka ile, tusiisahau mikono hiyo.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata wananchi walifundishwa kwamba damu iliyobaki kwenye wembe yaweza kupitisha maradhi, na kwamba kila mtu awe na wembe wake. Desturi ya kiwembe kimoja kuzunguka vichwa vya watoto wote wa nyumba, na pengine wa majirani, ililazimika kukoma. Wengi waliokwenda kwa kinyozi walianza kuchukua kiwembe chao mfukoni. Hivyo sharti la zamani la kumjua anayeshika wembe liliongezewa sharti jipya: kuujua wembe wenyewe.

Kisha ikaja mashine ya umeme. Baada ya mwaka 1986, Serikali ilipolegeza masharti ya biashara, bidhaa kutoka nje ziliongezeka na saluni zikazidi kuenea mijini na katika vijiji vyenye umeme. Kiwembe kilikuwa kimeipa nguvu nyumba. Mashine ikampa nguvu kinyozi, maana si kila nyumba iliweza kununua mashine wala kuwa na umeme. Vijana wengi wamepata riziki halali katika kazi hii. Katika nchi jirani ya Kenya neno kinyozi limepanuka hata likawa jina la duka lenyewe la kunyolea.

Tukifika hapa twaweza kupima pande zote mbili kwa haki. Nyumba yenye watoto 4 wanaonyolewa mara 2 kwa mwezi hulipa mara 8 kila mwezi, yaani mara 96 kwa mwaka. Kwa mkulima au mfanyakazi wa kima cha chini, hilo si jambo dogo. Aidha, anayemnyoa mtoto nyumbani hukiona kichwa chake kwa karibu: huona mapunye kabla hayajaenea, huona chawa, huona jeraha ambalo mtoto ameficha. Nasaha nyingi hutolewa wakati mtoto ametulia mbele ya mzazi na hawezi kukimbia.

Lakini tusiipambe nyumba kupita kiasi. Kazi hiyo imewaelemea zaidi akina mama, juu ya kazi nyingine nyingi. Mkono usio na ustadi hukata ngozi, na mtoto aliyenyolewa vibaya huchekwa na wenzake wiki nzima. Kinyozi mwema ana ujuzi, ana subira, na huisafisha mashine yake kila amalizapo kichwa kimoja. Asiyeisafisha huhamisha mapunye kutoka kwa mtoto huyu hadi kwa yule, na huyo hastahili kupewa kichwa cha mtoto hata kama angenyoa bure. Kwa hiyo kipimo ni kile kile cha kale. Si bei, bali uaminifu.

Kipimo hicho chatulazimisha kuutaja mkono wa tatu, ambao si wa nyumbani wala wa kinyozi. Ni mkono wa shule. Imewahi kuwa desturi katika baadhi ya shule kwamba mwanafunzi ajaye na nywele ndefu hukatwa njia katikati ya kichwa kwa mkasi, mbele ya wenzake, kisha huachwa hivyo ili aone haya. Hatusemi kwamba unadhifu si kitu. Unadhifu ni sehemu ya malezi. Tunasema kwamba adhabu ya namna hii haina asili katika mila tulizozieleza. Katika mila hizo wembe ulimvusha mtoto kutoka hali moja hadi nyingine iliyo bora, na aliyeushika alikuwa amempakata. Mkasi wa fedheha haumvushi mtoto popote. Unamfundisha tu kwamba kichwa chake ni mali ya mwenye nguvu. Tena mara nyingi aliye na nywele ndefu ni yule ambaye nyumbani kwao hapana senti ya kinyozi, na mama yake ameondoka alfajiri kwenda kutafuta chakula.

Mwalimu aliyekabidhiwa watoto wa watu ameingia katika safu ile ile ya shangazi, mama na kinyozi. Akimwona mwanafunzi ambaye nywele zake zimezidi, yampasa kwanza aulize sababu. Pengine shule yaweza kuwa na mashine yake, isafishwe vizuri, na wanafunzi wakubwa wafundishwe kuitumia kwa ajili ya wadogo wao. Huko kutakuwa ni kujitegemea, na pia kujifunza kazi.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu ni nani aliyewanyoa walipokuwa wadogo, kwa chombo gani, na nywele zilipelekwa wapi. Yaandikeni majibu yao. Mtaona kwamba historia ya taifa haikuandikwa katika maazimio na vita peke yake, bali hata katika vichwa vya watoto walioketi wametulia, wakijua kwamba mkono ulioshika wembe hautawaumiza.