Kuifikia Mishipa Iliyosongamana Mkononi

Zamani daktari aliuchunguza mkono kwa vidole na masikio. William Hunter wa London alivitumia vyote. Mwaka 1757 aliandika juu ya wagonjwa waliotolewa damu kiwikoni, kama ilivyokuwa desturi, kisha kisu kikaipita vena na kuitoboa ateri iliyo chini yake. Damu ikapata njia ya mkato kutoka ateri kuingia vena. Akigusa, Hunter alihisi mtetemo. Akitega sikio, alisikia mvumo.

Wapo wanaozaliwa na njia kama hizo, nyingi, zikiwa zimesongamana. Mkono huvimba na kuwa na joto, vidole hukosa damu, vidonda havifungi. Wapasuaji waliona busara kuifunga ateri inayoulisha uvimbe. Ilikuwa hasara kubwa: kitovu cha uvimbe kiliendelea kuvuta damu, mishipa ya jirani ikatanuka kuipeleka, na tatizo likarudi, pengine baya zaidi. Wengine waliishia kukatwa mkono. Siwalaumu; walikuwa wakipigana na kitu wasichokiona.

Januari 1896, wiki chache baada ya Röntgen kutangaza eksirei, watafiti Haschek na Lindenthal wa Vienna walipiga picha ya mishipa ya mkono wa maiti. Mwaka 1929, Werner Forssmann wa Ujerumani alijipitishia mpira mwembamba kwenye vena ya kiwiko chake hadi moyoni, akaenda kupigwa eksirei.

Lakini kwangu mimi, aliyefungua mlango hasa ni Sven-Ivar Seldinger wa Sweden. Mwaka 1953 alieleza jinsi ya kuchoma ateri kwa sindano, kupitisha waya ndani yake, kuchomoa sindano, kisha kutelezesha katheta, yaani mpira mwembamba, juu ya waya. Hakukuwa na haja tena ya kupasua ngozi ili kuifikia ateri. Kwa njia hiyo daktari huingilia kwenye kinena na kufika mkononi, hadi kwenye kitovu chenyewe, akakiziba kwa gundi maalumu au kukiunguza kwa spiriti kali. Spiriti huua utando wa ndani wa mshipa, lakini ikivujia kwenye ateri yenye afya au neva, kidole kinaweza kufa. Ndiyo maana tiba hufanywa kwa awamu, kidogo kidogo.

Ujuzi wa aina hii umefika Tanzania pia: tangu 2018, walimu kutoka Marekani wamekuwa wakifika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, kufundisha tiba zinazoongozwa na picha, za katheta zikiwemo. Wataalamu wa kwanza waliosomea hapo walihitimu 2021, na sasa nao wanafundisha.