Mhariri Aliyelilea Fumbo la Maneno

Historia ya fumbo la maneno, lile la visanduku vyeupe na vyeusi ambalo wengi wetu tumelizoea kwa jina la chemsha bongo, kwa kawaida huanza na kuishia kwa Arthur Wynne. Ni haki yake kutajwa kwanza. Mzaliwa huyu wa Liverpool, Uingereza, alihamia Marekani akiwa kijana, akaingia katika uandishi wa habari, na kufikia mwaka 1913 alikuwa akisimamia kurasa za burudani za toleo la Jumapili la gazeti la New York World. Krismasi ilikaribia na kurasa zilitaka kitu kipya. Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913 wasomaji walikuta umbo la almasi lililogawanywa visanduku, na karibu na ncha ya juu neno moja la herufi tatu limekwisha kujazwa: FUN, jina la kurasa zenyewe. Mengine yote waliachiwa wayatafute.

Wynne aliliita Word-Cross. Wiki chache baadaye aliyepanga chapa alitanguliza nusu ya pili ya jina, likatoka Cross-Word, na hakuna aliyejisumbua kulirudisha lilivyokuwa.

Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyelea fumbo hili hadi likawa mtu mzima ni mwanamke ambaye jina lake halitajwi inavyostahili: Margaret Petherbridge.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1897 na kusomea Chuo cha Smith. Alipoajiriwa World mwaka 1921 alikuwa karani tu katika ofisi ya mhariri wa Jumapili, na miongoni mwa kazi ndogondogo alizotupiwa ilikuwa kupokea mafumbo yaliyotumwa na wasomaji. Mafumbo hayo yalikuwa yatima. Wapanga chapa waliyachukia kwa sababu yaliwatesa, wahariri waliyaona upuuzi, na makosa yalikuwa yamejaa: kidokezo kimeachwa, nambari hazilingani, neno limeandikwa vibaya. Petherbridge mwenyewe mwanzoni alichagua fumbo la wiki kwa kutazama umbo lake tu. Lililopendeza macho lilikwenda mtamboni bila mtu yeyote kulijaribu.

Kisha akahamia World mwandishi mashuhuri wa safu, Franklin P. Adams, mpenzi mkubwa wa fumbo hilo. Kila makosa yalipotoka alikwenda kwenye meza ya Petherbridge kulalamika. Siku moja yule binti akachukua penseli akajaribu kujaza fumbo alilolipitisha kwa mkono wake. Hapo ndipo alipoyaona masaibu ya msomaji. Aliapa kwamba tangu siku hiyo hakuna fumbo litakalochapishwa kabla hajalifumbua yeye mwenyewe.

Kanuni alizozisimamisha pamoja na watunzi wenzake ndizo zinazotumika Marekani hadi leo. Mchoro uwe na ulinganifu, hata ukiligeuza gazeti juu chini visanduku vyeusi vibaki palepale. Maneno ya herufi mbili yasitumike. Visanduku vyeusi visizidi sehemu moja ya sita ya mchoro. Na iliyo kuu kuliko zote, kila herufi iwe mali ya maneno mawili, la mlalo na la wima. Kanuni hii ya mwisho ni kumtendea haki msomaji. Kama hujui jina la mto ulioulizwa kwa mlalo, utalipata herufi kwa herufi kupitia maneno ya wima unayoyajua. Hakuna anayeachwa amekwama kwa sababu tu hakusoma kitabu fulani. Mtu wa bandarini na mhadhiri wa chuo kikuu wanaweza kumaliza fumbo lilelile, kila mmoja kwa njia yake.

Mwaka 1924 vijana wawili, Richard Simon na Max Schuster, walianzisha kampuni ya vitabu bila kuwa na kitabu cha kuchapisha. Shangazi yake Simon akauliza: mbona hakuna kitabu cha mafumbo haya? Wakawaendea Petherbridge na wahariri wenzake wawili, Prosper Buranelli na F. Gregory Hartswick. Mwezi Aprili kitabu kikatoka, kila nakala ikiwa na penseli yake. Simon na Schuster walikuwa na hofu kiasi kwamba jina la kampuni yao hawakuliweka kwenye toleo hilo la kwanza. Kiliuzwa kama njugu. Kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio iliweka kamusi ndani ya treni zake kwa ajili ya abiria waliokuwa wakihangaika na visanduku.

Wenye hekima zao walikasirika. New York Times, katika tahariri ya Novemba 1924, liliona jambo hili kuwa wazimu wa kupita na upotevu wa wakati ulio sawa na dhambi. Gazeti hilo likakaa miaka 17 zaidi bila kuchapisha fumbo.

Magazeti ya Uingereza yalilipokea fumbo mwaka huohuo wa 1924, likaingia Daily Telegraph mwaka 1925 na The Times tarehe 1 Februari 1930, mtunzi wake wa kwanza akiwa Adrian Bell, mwandishi na mkulima wa Suffolk. Lakini Waingereza walilipindua. Edward Powys Mathers, mshairi aliyejiita Torquemada kwa jina la yule mkuu wa mahakama za mateso za Hispania, alikuwa akitunga katika gazeti la The Observer tangu mwaka 1926 vidokezo vinavyosema jambo moja huku vikimaanisha jingine. Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapa, kwani fumbo humfumba mjinga, mwerevu huling'amua. Chukua kidokezo hiki cha herufi tano: "Hula majani, hukuna nazi." Anayefikiria malisho peke yake hatafika, wala anayefikiria jikoni peke yake. Jibu ni mbuzi.

Mtindo huo wa kupinda akili ulipata kazi vitani. Mwezi Januari 1942 Daily Telegraph liliwaita wasomaji ofisini kwake kushindana kulimaliza fumbo ndani ya dakika 12. Baadhi ya walioshiriki walipokea baadaye barua za kuitwa kwa shughuli ya siri, shughuli yenyewe ikiwa ni kuvunja misimbo ya adui huko Bletchley Park. Miaka miwili baadaye gazeti hilohilo liliwatia maofisa wa usalama jasho. Mwezi Mei 1944 mafumbo yaliyotungwa na Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule, yalikuwa na majibu Utah, Omaha, Overlord na Mulberry, na tarehe 1 Juni likafuata Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya uvamizi wa Normandy uliofanyika tarehe 6 Juni. Dawe alihojiwa, akaonekana hana hatia. Mwaka 1984 mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba mwalimu alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana michoro mitupu waijaze maneno, nao waliokota majina yale kutoka kwa wanajeshi waliopiga kambi karibu na shule.

Ni vita hivyohivyo vilivyolivunja New York Times. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, wahariri wake walikiri kwamba wasomaji wangehitaji kitu cha kuwapumzisha wakati wa usiku wa kuzima taa. Wakamwita Petherbridge, ambaye sasa aliitwa Margaret Farrar baada ya kuolewa na mchapishaji John Farrar. Fumbo lake la kwanza humo lilitoka Jumapili, tarehe 15 Februari 1942, na tangu mwaka 1950 likawa la kila siku. Alikalia kiti hicho hadi mwaka 1969. Magonjwa na vifo hakuviruhusu katika visanduku vyake. Alijua kwamba msomaji wake amekaa na chai ya asubuhi, na habari mbaya zimejaa ukurasa wa kwanza.

Kuna mwanamke wa pili ninayempenda katika historia hii, Elizabeth Kingsley, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliunganisha fumbo na nukuu. Nukuu za watu mashuhuri zilikuwa na wapenzi wao siku nyingi. John Bartlett, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kuuza vitabu karibu na Chuo Kikuu cha Harvard, aliulizwa mno nani alisema nini hata akachapisha mkusanyo wake mwaka 1855, nao unachapishwa hadi leo. Kingsley, mwalimu wa zamani, alihuzunika kuona wanafunzi wa chuo alichosoma wakiwapa kisogo waandishi wa kale. Hakuwahubiria, aliwatungia mchezo. Tarehe 31 Machi 1934 jarida la Saturday Review likachapisha fumbo lake la kwanza, Double-Crostic. Unajibu vidokezo, unahamisha kila herufi hadi kwenye kisanduku chenye nambari yake, na pole pole inajitokeza nukuu kutoka katika kitabu. Ukizisoma herufi za kwanza za majibu kutoka juu kwenda chini, unapata jina la mwandishi na la kitabu chenyewe. Nukuu uliyoisoma ukutani huisahau kabla ya jioni. Uliyoitolea jasho herufi kwa herufi hukaa nawe.

Magazeti ya Kiswahili nayo yana mizizi katika jambo hili la mafumbo. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji ukurasa wa mashairi, na utamaduni wa mtu kufumba na mwingine kufumbua ni wa siku nyingi katika utungo wetu. Kinachotakiwa ni ulezi. Fumbo lenye kidokezo kilichokosewa ni dharau kwa aliyenunua gazeti, na msomaji aliyekwama kwa kosa la mtunzi hatarudi Jumapili ijayo.

Basi kwa wahariri wetu nina ombi. Mpeni mtu mmoja dhamana ya chemsha bongo na jina lake lichapishwe hapo. Kila fumbo alifumbue mwenyewe kwa penseli, kamusi ikiwa mezani, kabla halijakwenda mtamboni. Walipeni watunzi. Na mara moja kwa wiki tupeni fumbo la nukuu, lenye sentensi ya Shaaban Robert ndani yake.